Vitegemezi vya majaribio ya kerneli: tusakinishe vyote, au vya jaribio tunalolihitaji tu?

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Hapa Wete ninawasimamia vijana wanaojifunza kuchangia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, na tumeamua kuanzia kwenye majaribio yake yaliyomo ndani ya saraka ya `tools/testing/selftests`. Kompyuta zetu zote ni za Debian, aina mojawapo ya Linux, ila zimetofautiana matoleo na nguvu, na kila tunachokipakua kinakula bando la simu.

Tatizo letu ni hili. Tunaendesha `make headers`, kisha `make -C tools/testing/selftests`, na katikati ya mistari mingi inayopita hutokea `fatal error: cap-ng.h: No such file or directory`, yaani faili la maktaba fulani limekosekana. Hata hivyo kazi haisimami. Inaendelea hadi mwisho na kurudisha sifuri, alama ya kufaulu, kana kwamba kila kitu kimejengeka salama. Matokeo yake kijana mmoja ana majaribio ambayo mwenzake hana, na wote wawili wanaamini kuwa wanayo yote. Je, nisakinishe kila maktaba (msimbo wa tayari unaotumiwa na programu) inayotajwa, au ipo njia ya kuvijua vitegemezi, yaani vitu vinavyohitajika, vya kila jaribio peke yake?

Fundi wa Tunguu

Waalaykum salaam, mwalimu. Hiyo sifuri unayoiona imewekwa makusudi. Makefile ya juu, yaani faili la maelekezo ya ujenzi, huingia saraka moja baada ya nyingine, na mradi hata moja tu imejengeka, kazi nzima huhesabiwa kuwa imefaulu, ili mtu aliyekosa maktaba moja asinyimwe majaribio mengine yote. Kwa anayejaribu haraka, utaratibu huo ni wa huruma. Kwa darasa kama lako ninauona kuwa ni hatari, kwa sababu jaribio lisilojengwa halitoi taarifa yoyote mbaya.

Ongeza `FORCE_TARGETS=1` kwenye amri yako, na ujenzi utashindwa waziwazi saraka yoyote ikikwama. Lakini usiifanyie hivyo saraka nzima; taja unachokihitaji, kwa mfano `TARGETS="capabilities timers"`, kisha usakinishe vya hayo tu. Hiyo `cap-ng.h` inatoka kwenye kifurushi cha `libcap-ng-dev`, ambacho ni kidogo sana. Sioni sababu ya kijana anayesoma mambo ya saa za kerneli kupakua maktaba za sauti kwa ajili ya majaribio ya `alsa`.

Jambo jingine: saraka ya `bpf` inarukwa hata usiposema, kwa kuwa imo kwenye `SKIP_TARGETS` tangu mwanzo. Inataka clang ya karibuni, ambayo ni kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu), pamoja na zana ya pahole, na kwa bando la simu ningeiacha kwanza.

Bint Mkoani

Ninakubaliana na Fundi, na ninaongeza kwamba ndani ya saraka hiyohiyo kuna skripti inayoitwa `kselftest_deps.sh`. Ingia humo kwanza, kwa sababu ukiiendesha ukiwa kwingine itakataa, kisha andika `./kselftest_deps.sh gcc capabilities`. Huzisoma Makefile, huchukua kila maktaba inayotakiwa kuunganishwa, na hujaribu kukompaili programu tupu pamoja nayo. Ikishindwa, hukutajia jaribio litakalokwama.

Tafadhali usiifanye kuwa hakimu wa mwisho, mwalimu. Skripti hiyo inaangalia maktaba za kuunganisha tu, haiangalii programu ambazo jaribio litaziita wakati wa kuendeshwa, na majaribio mengi ya mtandao ni skripti za sheli zinazotegemea amri ya `ip` na wenzake. Ndiyo maana ninapendelea kundi liwe na faili moja ndani ya git (mfumo wa kutunza mabadiliko ya faili), ambamo kila jaribio limeandikiwa kifurushi chake cha Debian na sababu ya kuhitajika. Sababu isiachwe, kwani bila hiyo hakuna atakayethubutu kufuta chochote na orodha itazidi kunenepa.

Mwalimu wa Wete

Mmenifungua macho, ahsanteni sana. Ninaomba jambo moja zaidi: tunayo kompyuta moja yenye nguvu. Je, inaweza kujenga kwa niaba ya zote, ili nyingine ziendeshe tu?

Fundi wa Tunguu

Inaweza, na kwa hali yenu hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Baada ya kujenga, endesha `make -C tools/testing/selftests gen_tar` pamoja na `TARGETS` ileile, na rsync, zana ya kunakili faili, iwe imesakinishwa. Utapata faili la tar la kubeba kwa flashi, na kule mtaendesha `./run_kselftest.sh -c timers`. Kompyuta zinazopokea hazitahitaji kompaila wala vifurushi vya `-dev`, ila maktaba zenyewe za kuendeshea.

Angalia matoleo tu. Ukijenga kwenye Debian 12, yenye glibc 2.36 (maktaba ya msingi ya programu za C), ukapeleka kwenye Debian 11, yenye 2.31, programu nyingi zitakataa kwa ujumbe wa `GLIBC_2.34 not found`. Jenga kwenye toleo la zamani kuliko yote mliyonayo.

Bint Mkoani

Na kerneli yenyewe inayoendeshwa nayo ni kitegemezi. Saraka nyingi zina faili liitwalo `config` lenye mipangilio ambayo lazima iwashwe; `make kselftest-merge` huiingiza kwenye `.config` yako kabla ya kujenga kerneli. Ikikosekana, jaribio lililoandikwa vizuri hurudisha 4, yaani limerukwa. Wafundishe vijana kuusoma mstari hadi mwisho wake, kwa sababu jaribio lililorukwa huandikwa `ok` mwanzoni na `# SKIP` mwishoni, na anayehesabu `ok` peke yake atalihesabu kuwa limepita.