Nimemchorea fundi boksi la mayai, kaniletea boksi ambalo trei haiingii. Mnaelewanaje na mafundi?

MamaVifaranga
Wakuu, salaam. Niko Morogoro, nafuga kuku wa mayai. Trei kumi kumi nazipeleka mjini kwa bodaboda; dereva anazifunga kwa mipira kwenye keria, na kila safari lazima yapasuke mawili matatu. Nikaona nitengeneze boksi la chuma la kufunga nyuma, trei zipangwe humo, mlango uwe kushoto ili dereva akisimama pembeni ya barabara ashushe upande wa duka.

Nikachora kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Boksi limesimama, mlango upo, nimeandika 12 kwa 12 maana trei nimeipima, ni inchi 12 kasoro kidogo. Nikaupiga picha, nikamrushia fundi WhatsApp. Akajibu "sawa dada". Nimempa 95,000. Jumamosi nafuata mzigo: limechomelewa vizuri, limepigwa rangi ya bluu, na trei haiingii! Namuuliza, ananiambia "si uliandika 12?"

Mpwa wangu wa chuo anasema kosa ni kuchora kwa mkono. Kanichorea upya kwenye kompyuta, boksi linazunguka, lina hadi kivuli. Nimemwonyesha fundi, kasema tena "sawa dada". Hiyo sawa ya pili ndiyo imenitia hofu. Nitajuaje kwamba tumeelewana kabla hajakata chuma?

FundiNondo
Dada pole, ila fundi wako hajakosea peke yake. Skwea paipu (chuma cha pembe nne cha fremu) ya inchi moja imekula inchi moja huku na moja kule, ndani zikabaki 10. Kapima nje kwa nje, na wengi wetu tunafanya hivyo mchoro usiposema. Andika NDANI 12 na nusu, kwa paipu hiyo nje itatoka 14 na nusu. Hiyo nusu usiibanie, mikono ya dereva haina subira.

Pili, umechora upande mmoja tu. Chora wa mbele, wa ubavuni na wa juu, kila mmoja na vipimo vyake. Upande usiouchora fundi anautunga mwenyewe, na hatakuambia kwamba ameutunga.

Tatu, mpelekee trei yenyewe, tupu. Mimi mteja akija na kitu mkononi, karatasi simuulizi.

KatoniKwanza
Mkuu hapo juu kamaliza ya vipimo. Mimi nina neno na picha ya mpwa. Mtu akiona picha inang'aa vile anajua jambo limeshaamuliwa, ataanzia wapi kukukosoa? Mpelekee mchoro wa kalamu wenye mistari iliyofutwafutwa, na kalamu umwachie yeye. Asipochora chochote juu yake, ujue bado hajaelewa.

Halafu tengeneza boksi lako kwa katoni za mafuta ya kula na seloteipu, ukubwa ule ule kamili. Kabla ya kile kikompyuta cha mkononi, Palm Pilot ya 1996, mbunifu wake Jeff Hawkins alichonga kipande cha mti cha ukubwa aliotaka, akawa anatembea nacho mfukoni. Kwenye mikutano anakitoa na kujifanya anaandika kwa kijiti cha kulia chakula. Ndani hakuna hata waya! Alitaka ajue kama mtu anaweza kuishi nacho.

Lako lifunge kwenye pikipiki, utie mchanga kilo 18 hivi, ndio uzito wa trei kumi, dereva azunguke nalo mtaani.

mpitanjia
Dyson kabla ya kuuza mashine yake ya kufyonza vumbi alitengeneza sampuli 5,127. Usikate tamaa dada.

MamaVifaranga
@mpitanjia 5,127? Mimi ya tatu tu mume wangu angenirudisha kwetu.

Mrejesho, wakuu. Katoni nne, seloteipu moja, na mchanga nimejaza kwenye mifuko ya sukari. Dereva kazunguka nalo hadi stendi na kurudi, watoto wanamkimbiza. Kufika nyumbani kashusha stendi ya pembeni, pikipiki ikalalia kushoto kama kawaida yake, kafungua mlango, na mifuko yote ya mchanga ikamwagikia miguuni kwake. Mlango wa kushoto! Nimeuchora mimi, kaurudia mpwa kwenye kompyuta, kauchomelea fundi, na hakuna aliyeona. Kingekuwa chuma na mayai ningelia. Sasa mlango unakwenda nyuma.

Jioni nikampelekea fundi lile katoni na trei tupu. Safari hii hakusema sawa. Kaliweka chini, kalizunguka, kachomeka trei na kuitoa mara tatu, kisha kauliza, "Na mvua je?"

Ya mvua sikuwa nimeyawaza kabisa. Kachukua kalamu yangu, anachora mdomo wa bati juu ya mlango.