Kundi la Wazazi Darasa la 5: tafakuri ya kambi ya Kisarawe

*Jumatatu jioni*

Mwl. Rehema (darasa): Habari za jioni wazazi. Kazi ya wiki hii ni moja tu. Kila mtoto aandike tafakuri ya kambi na ya muhula mpaka hapa tulipofika. Kurasa mbili za daftari, Ijumaa saa 2 asubuhi nakusanya. Naomba sana msiwaandikie. Ila mtoto akileta "tulifika salama, tulikula, tulifurahi sana, tukarudi", mrudishieni daftari na mumuulize maswali matatu: nini kilienda vibaya? Saa ngapi? Kwa nini?

Mama Happy: Asante mwalimu. Happy ameanza hivi: "Usiku wa kwanza hema letu lilivuja." Sasa mvua haikunyesha kabisa siku zile. Nimwambie afute?

Mlezi wa Skauti: Asifute, mama Happy. Aliona maji kweli, kilichobaki ni kujua yametoka wapi. Mle ndani wamelala watoto sita, zipu zote zimefungwa. Pumzi zina mvuke. Usiku kitambaa cha hema kinapoa, mvuke ukikigusa unageuka matone, na alfajiri mtu akijigeuza tu akagusa ukuta yanamdondokea. Muulize maji yalikuwa sehemu moja au hema zima. Hema linalovuja huvuja kwenye mshono au palipochanika, mahali pamoja. Maji ya pumzi hutapakaa kote.

Mama Happy: Anasema kote, mpaka juu. Na mwenzao aliyeegemeza begi ukutani nguo zake zote zililowa.

Mlezi wa Skauti: Basi ni pumzi. Aandike na dawa yake: vidirisha viwili vya juu vinavyotazamana vibaki wazi usiku kucha, wavu wa mbu tu ndio ufungwe. Mabegi yakae katikati, miguuni. Watoto hufunga kila kitu kwa kuogopa baridi, ndiyo maana wanaamka wamelowa na baridi imezidi.

Mwl. Rehema (darasa): Happy achore hema, aweke mishale ya hewa inapoingia na inapotokea. Mchoro huo ni nusu ukurasa mzuri kabisa.

Baba Neema: Wa kwangu analalamikia vigingi. Anasema walivipigilia mpaka vikazama lakini upepo wa jioni ukaving'oa.

Mlezi wa Skauti: Udongo wa pale kambini ni wa kichanga. Kigingi kilichosimama wima kwenye mchanga kinachomoka kama msumari kwenye ndizi. Kinatakiwa kilale, kichwa kikitazama mbali na hema, kiasi cha nusu ya pembe mraba, na kamba ifungwe chini karibu na ardhi. Kikiendelea kuchomoka, chukua kijiti cha urefu wa mkono wa mtoto, funga kamba katikati yake, chimba mtaro wa kina cha kiwiko, kilaze humo kikiwa kimekingama na kamba, fukia, shindilia kwa mguu. Hicho hakitoki. Neema alikuwa kwenye kikundi kilichofanya hivyo siku ya pili, muulize.

Baba Neema: Amecheka, anasema ni kweli, alisahau. Anaandika sasa hivi.

Mama Zawadi: Jamani na wali? Zawadi ameandika "juu bokoboko, chini ukoko mweusi" halafu akaishia hapo.

Baba Abdul: Hapo mimi naweza kusaidia. Watu 60 ukijumlisha na walimu, kilo 7 na nusu za mchele zinatosha, kilo moja watoto 8. Kosa la kwanza ni kutumia kipimo cha nyumbani kwenye sufuria la shughuli. Nyumbani kikombe cha mchele vikombe viwili vya maji, sawa. Sufuria likiwa kubwa na limefunikwa, maji yanayopotea kwa mvuke hayaongezeki kadiri mchele unavyoongezeka. Kwa hiyo unashuka mpaka kimoja na nusu kwa kimoja, wakati mwingine pungufu ya hapo kama mchele ni mpya. Ukiweka viwili kwa kimoja unapata bokoboko.

Baba Abdul: Ukoko mweusi nao unatokana na kuni. Maji yakishakaukia usawa wa mchele, toa kuni zote mafigani, bakiza makaa machache chini, funika kwa sinia, palia makaa juu. Dakika 20 usifunue. Watoto walikuwa wanafunua kila mara na kukoroga kwa mwiko, punje zinavunjika, uji unashuka chini unaungua. Na kilo 7 kwenye sufuria moja ni kina kirefu mno. Gawanya mawili.

Mama Zawadi: Ahsante sana baba Abdul. Anauliza maharage kwa nini yalichelewa mpaka saa 3 usiku.

Baba Abdul: Hayakulowekwa. Kilo 5 za maharage makavu ziloweke usiku wa kuamkia. Halafu nyanya ziliingia mapema. Uchachu wa nyanya unayafanya maharage yasilainike. Yaive kwanza, ndipo uunge.

Mwl. Rehema (darasa): Zawadi aandike yote mawili, na aweke hesabu: 60 gawanya kwa 8. Mtihani wa mwezi uliopita wengi waliangukia hesabu za kugawanya zenye baki, na hapa baki yake inaonekana kwenye sahani.

*Jumanne*

Mama Juma: Habari za asubuhi. Juma amenipa swali gumu. Kwa nini maji yaliisha siku ya pili saa 10 jioni wakati walihesabu?

Mlezi wa Skauti: Hesabu ilikuwa madumu 30 ya lita 20 kwa siku. Lita 600 kwa watu 60, kila mtu lita 10. Kunywa na kupikia ni kama lita 5 kwa mtu, hapo hapakuwa na shida. Kuoga na vyombo ndiko yalikokwenda. Kila mtoto aliosha sahani yake kwa kumiminia jagi zima. Salama ni lita 15 kwa mtu, yaani madumu 45.

Mlezi wa Skauti: Au yabaki madumu 30 lakini vyombo vioshwe kwa mabeseni matatu kwa foleni: la kwanza la sabuni, la pili la kusuuza, la tatu maji safi yenye klorini. Makombo yakung'utwe kwanza kwenye shimo. Beseni la kwanza likichafuka limwagwe, la pili liwe la kwanza. Madumu matatu yanaosha sahani zote 60. Juma alikuwa zamu ya maji, ana daftari la kuhesabia madumu. Anakili jedwali lile kwenye tafakuri, lina thamani kuliko aya nzima ya maneno.

Mama Happy: Na kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia mikono? Happy anataka kutufungia kimoja uani.

Mlezi wa Skauti: Dumu la lita 5, toboa tundu moja kwa msumari uliopashwa moto, chini kidogo ya kifuniko. Lining'inize kwenye mti wa kulala juu ya miti miwili yenye panda. Kamba kutoka kifunikoni mpaka kijiti cha kukanyagia, ukikanyaga dumu linainama. Tundu likizidi ukubwa wa msumari wa inchi 3 maji yanaisha haraka. Sabuni iwekwe kwenye kipande cha wavu wa vitunguu, itobolewe, ining'inie. Kambini ilianguka kwenye tope siku ya kwanza jioni, na kuanzia hapo watoto wakawa wananawa maji matupu. Chini ya dumu mwaga kokoto pasiwe tope.

Mama Zawadi: Hapo niongeze kama muuguzi, naomba wazazi wote msome. Walilala Pwani, mbu wapo. Malaria haitokei kesho yake, mara nyingi huchukua siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mtoto akipata homa wiki ijayo au inayofuata, msiseme ni uchovu wa kambi wala mafua. Mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mhudumu kwamba alilala kambini na tarehe.

Mama Zawadi: Anayeharisha: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi msizidishe, inadhuru. Pakiti za dukani au zahanati ni bora zaidi kama zipo. Damu kwenye choo au mtoto amelegea, kituo cha afya moja kwa moja.

Bibi Selemani: Nawasalimu wanangu. Mjukuu wangu analala kila akikaa. Hataki kuandika.

Mama Zawadi: Shikamoo bibi. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12. Kambini walilala sita. Leo na kesho alale saa 2 usiku, ataandika Alhamisi.

Mwl. Rehema (darasa): Shikamoo bibi. Hata akisimulia wewe ukamsikiliza, kazi imeshaanza. Muulize wakati anafua nguo za kambi, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Asubuhi yake aandike yale aliyokusimulia.

Bibi Selemani: Marahaba. Nguo bado ziko kwenye begi, nitamkalisha karoni.

*Jumatano usiku*

Baba Neema: Mwalimu, sehemu ya muhula Neema ameandika sentensi moja, "muhula ulikuwa na kazi nyingi". Nimsaidieje?

Mwl. Rehema (darasa): Kata karatasi ndefu, mpangie visanduku 11, kila kimoja wiki moja tangu tufungue Julai. Atafute kwenye madaftari yake tarehe za majaribio, apake rangi nyekundu. Mazoezi ya kwaya na mpira kijani. Nanenane, tarehe 8 Agosti, njano. Wiki ambayo darasa la saba walifanya mtihani wa taifa na darasa letu wakabaki nyumbani aiache nyeupe. Halafu aitazame tu.

Mwl. Rehema (darasa): Wengi watakuta wiki mbili zenye rangi zaidi ya moja kwa pamoja. Hapo ndipo alama zao zilishuka, na alama zipo kwenye daftari. Aandike wiki gani, kazi gani ilimshinda, na ni ipi angeianza siku tatu kabla. Hili nalitaka kwa dhati, maana mwaka jana darasa la nne walikuwa na upimaji wa taifa na hakuna aliyewauliza walikuwa wanachoka lini.

Baba Neema: Nimeelewa. Ni wiki ya 5 na ya 6, ameziona mwenyewe.

Mama Juma: Juma naye hizo hizo.

Mwl. Rehema (darasa): Basi nitaangalia ratiba ya jaribio la mwezi ujao, lisiangukie wiki ya mashindano. Nileteeni hizo karatasi pamoja na madaftari.

Mlezi wa Skauti: Jambo la mwisho. Mahema manne yalikunjwa yakiwa na unyevu kwa sababu gari liliwahi. Yako kwa mama Happy, baba Abdul, baba Neema na mama Juma. Yafunguliwe kesho, yaning'inizwe kwenye kamba pande zote mbili zipate hewa, mchanga ukung'utwe, madoa yafutwe kwa maji na sabuni ya kipande bila brashi ngumu. Yakikauka yaanuliwe, jua la siku nyingi linachosha kitambaa. Yakikaa na unyevu hadi Jumamosi yataota ukungu na harufu haitoki tena. Vigingi vihesabiwe, 14 kila hema.

Baba Abdul: Langu lipo kambani tangu mchana. Vigingi 13.

Mama Happy: Huku kwetu 15.