Mrejesho: ile modeli ya kenchi kwenye OpenSees imekubali

Wakuu nimerudi, mi ndo yule niliyeuliza kwa nini kenchi langu juu ya nguzo kila nikilirani kwenye OpenSees (programu ya kompyuta ya kuchambua miundo) linagoma linasema matriksi ni singula, yaani milinganyo haina jibu moja. Kumbe kosa ni dogo hadi aibu, modeli ni ya 2D yenye digrii 3 za uhuru kila nodi (yaani kila kiungio kinaweza kwenda kando, juu-chini na kuzunguka), sasa zile nodi zinazoshikwa na elementi za trasi tupu hakuna cha kuzuia mzunguko maana trasi inabeba kuvutwa na kugandamizwa basi. Nikafunga mzunguko kwa amri ya fix 5 0 0 1 (nodi ya 5: 0 ni huru, 1 ni kufungwa, ya mwisho ndo mzunguko) na nodi nyingine vilevile, ikapita. Ila trasi moja haiwezi kupinda, so chuma kinachogandamizwa nimekigawa bimu 4 za Corotational (hesabu inayofuata chuma kinavyohama na kuzunguka) zenye kombo kidogo, sasa kinapinda kweli.