Je, vijana wa miaka 14 wafundishwe mambo ya sida na kondomu darasani?

Mwalimu wa Katuba: Juma lililopita niliwaomba wanafunzi wangu waandike, bila kutaja majina, njia ambazo virusi vya sida huingia mwilini. Karatasi nyingi zilitaja mbu, na moja ilisema "kikombe cha mgonjwa". Wazazi, tuwaeleze waziwazi, kondomu ikiwemo, au tuendelee kuzungukazunguka?

Mama wa Kamalondo: Mwalimu, ukimwonyesha mtoto kondomu umekwisha kumpa ruhusa. Sisi tulifundwa na mashangazi, na ugonjwa huo hatukuujua mpaka wageni walipotuletea.

Muuguzi wa Ruashi: Mama, kwa heshima, hapo kwenye wageni umeteleza. Watafiti waliolinganisha chembe za urithi za virusi, wakachapisha kazi yao mwaka 2014, walionyesha kwamba janga lilianza kuenea Kinshasa kwenye miaka ya 1920, kisha likafuata reli hadi Mbuji-Mayi na hapa kwetu Lubumbashi.

Mtoto wa Reli: Baba yangu alifanya kazi relini miaka 31 na mkono wake mmoja uliungulia huko. Leo naambiwa kwamba ndiye aliyetuletea sida?

Muuguzi wa Ruashi: Papa, nimetaja njia, sikumtaja mtu. Hata damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 ilipimwa miaka mingi baadaye ikakutwa na virusi, na mwenye damu hiyo hakuna anayemlaumu.

Mama wa Kamalondo: Kumbe vilitoka Kinshasa! Basi nilisema kweli: ni wageni.

Mtoto wa Reli: Mama, hapo nakuunga mkono, ila treni mniachie.

Mwalimu wa Katuba: Niliuliza juu ya kondomu.

Kijana wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi), miaka 16: Mimi ni mmoja wa walioandika mbu. Akinyonya damu ya mgonjwa kisha akaniuma mimi, kwa nini nisiambukizwe? Tena nyumbani mjomba wangu anayemeza dawa ana kikombe chake peke yake, nasi tumekatazwa kukigusa.

Muuguzi wa Ruashi: Mwanangu, mbu anapokuuma hukutemea mate yake, si damu ya mtu aliyetangulia, na virusi vyenyewe humeng'enywa tumboni mwake. Kikombe hakijamwambukiza mtu yeyote. Mjomba wako akimeza dawa kila siku hadi vipimo visione virusi katika damu yake, hata katika tendo la ndoa hamwambukizi mwenzake.

Mama wa Kamalondo: Mambo ya kikombe na mbu mfundisheni, sina neno. Kondomu ingojee.

Mwalimu wa Katuba: Ingojee nini, mama? Darasani mwangu msichana mmoja amekwisha kuacha masomo kwa ajili ya mimba, na mlango uliompitishia mimba ndio huo huo virusi hupitia.

Kijana wa Kenya, miaka 16: Jioni hii nimekiosha kikombe cha mjomba katika beseni moja na vya wengine. Mama ameniuliza ni nani aliyenituma.

Mtoto wa Reli: Bado nangoja mtu aniombe radhi juu ya treni.