"Kwani rimoti hamna?" Huyu mchambuzi wa muvi "safi" katuona majuha!

Mnamjua. Kila grupu la familia, Unguja na Pemba, limeshaletewa orodha zake za "muvi safi, kaa hata na bibi yako". Jana usiku katoa mpya, nyota tano za maadili. Dakika ya 52 watu wawili wanaingia chumbani na kamera inawafuata mpaka kitandani! Kaulizwa kwa adabu: sheikh, hii uliiona? Akajibu: "Kwani rimoti hamna?"

Kwani rimoti hamna! Ukumbini yupo bibi, wapo wakwe, wapo watoto wa chuo cha Kurani, rimoti imezama kwenye kochi. Mpaka ipatikane, wale wa kwenye muvi washapata wajukuu.

Alivyofanya inajulikana: trela ya dakika mbili, kaona PG-13 ya Marekani, katafsiri "salama kuanzia miaka 13". Alama ile, iliyoanza 1984, ni onyo kali kwa mzazi kuwa yamo yasiyomfaa aliye chini ya miaka 13. Tena vipimo ni vyao, si vyetu. Muvi ya uchawi mtupu hupewa PG tu, alama nyepesi kuliko hiyo, ikapita.

Kuchambua ni kutazama mpaka majina ya mwisho yaishe, maana siku hizi huchomekwa kipande hapo. Kalamu mkononi: dakika ya ngapi, kuna nini, sekunde ngapi. Kisha rudia kwa lugha yake ya asili na maandishi ya chini, kwani kwenye sauti ya Kiswahili utakuta hawara kageuzwa mke, zinaa imepita kama ndoa. Yeye hata mara moja hakutazama, halafu rimoti!

MkateWaMofa: Wallahi kachoka huyo. Ile ya mwezi uliopita kaandika "haina pombe", nusu ya muvi iko baa.

Yakhe_Chake: Dakika ya 52 ya nakala ipi, yakhe? Muvi hupigwa picha 24 kwa sekunde. Ikirushwa kwenye TV kwa 25 inakwenda mbio kwa asilimia 4, dakika 100 zinakuwa 96. Yako ya 52 huku ni ya 50. Usipotaja nakala, mtu atapeleka mbele aangukie pale pale. Nawe umelipua tu.

Mleta uzi: Ya 50, ya 52, bibi keshaona! Rimoti hamna!

BintiMichenzani: Mnalilia muvi, kasida je? Kinanda kinalia, wanaozitoa wanaandika "dufu tupu". Dufu ni ngozi, ukilipiga sauti inakatika. Ukisikia sauti inavutwa sekunde nne chini ya waimbaji, hiyo mashine.

Wete_Bandarini: Kasida afadhali. Mpira! Kamari kifuani mwa jezi, kamari ubaoni pembeni mwa uwanja, mapumziko ndiyo usiseme. Mtoto hajui Yasin lakini anaijua kampuni ya kubeti.

MkateWaMofa: Klabu za Ligi Kuu Uingereza zilikubaliana 2023 kuitoa kifuani msimu wa 2025/26 ukimalizika. Mkononi hawakugusa.

Wete_Bandarini: Mkononi si mwili?

BintiMichenzani: Jezi halisi za watoto huko hazitiwi kamari. Za feki ndizo zinanakiliwa za wakubwa na kila kitu.

Yakhe_Chake: Darajani zipo zisizo na tangazo? Saizi ya miaka 8.