Nimepuliziwa FILIMBI kama mbuzi, kwenye kidimbwi ninacholipia!

MwalimuMstaafu
Wadau, mikono bado inatetemeka. Nimetoka majini sasa hivi, hata taulo sijaanika. Yule mama amenipulizia filimbi. FILIMBI! Mimi!

Jina simtaji. Kila anayeishi kwenye makao yetu haya ya wastaafu anamjua, na msioishi hapa mnaye wenu. Yule wa kofia ya kuogelea yenye maua ya plastiki. Klabu yake ya mazoezi ya majini ilianza na watu 4 walioomba "nusu saa tu, majirani". Leo ni jeshi. Wakiingia wote kwa pamoja maji yanamwagika mpaka kwenye maegesho.

Mnaijua Nairobi ya Julai. Mawingu yanalalia mapaa hadi adhuhuri, na kidimbwi chetu hakina mashine ya kupasha maji. Saa 12 asubuhi maji yale yanaweza kumuua kiboko. Joto la kuogeleka linapatikana saa 6 hadi saa 9 mchana, basi. Sasa nadhani mmeshajua klabu imejiandikia saa ngapi pale ubaoni. Saa 6 hadi saa 9! Jumatatu hadi Jumamosi! Sisi wengine tumeachiwa alfajiri, tuoge na vyura.

Mimi sikwenda kucheza. Nina goti la kushoto. Daktari alinishauri nitembee majini dakika 20 kila siku, kwa sababu maji yakinifika kifuani yanabeba zaidi ya nusu ya uzito wangu na goti linapumua. Leo nikashuka ngazi polepole, upande usio na kina, pembeni kabisa, mkono ukutani. Hatua ya tatu nikasikia PRIIIII! Muziki ukazimwa. Vichwa vyote vikageuka. Filimbi ya rangi ya chungwa, imefungwa kwa kamba ya kiatu, bado iko mdomoni. Akaitoa, akaninyooshea kidole: "Wewe si mwanachama. Toka."

Mjukuu wangu ameketi pale kando na soda yake, anatazama.

Nimefundisha miaka 34. Filimbi nilikuwa naipuliza MIMI, gwarideni na siku za michezo. Hata polisi wa trafiki hajawahi kunipulizia. Halafu nusu ya hao wanachama hawaishi hapa, wanatoka nje na kumlipa yeye kila mwezi, ilhali dawa ya maji, stima ya pampu na mshahara wa kijana anayeokota majani vinatoka kwa michango yetu wenye nyumba.

Klabu siikatai. Mzee akikaa peke yake ndani ya nyumba ananyauka, na mimi hufurahi nikiwaona wakicheka. Lakini wangefunga kamba wakatuachia mita 2 za pembeni wangepungukiwa nini? Kamba hawana, filimbi wanayo!

Babu_wa_Drafti
Pole sana mwalimu. Hayo ni madogo. Huku kwetu kwaya imeteka ukumbi. Meza yetu ya drafti imesukumwa mpaka mlango wa choo, na vizibo vya soda tulivyochezea miaka 9 vikafagiwa na kutupwa. Nilikuwa nimebakisha kete 2 kumaliza mchezo.

Toto_la_SouthB
😂😂😂 Mwalimu, miaka 34 umewatimua watoto wa watu kwa filimbi, leo imerudi nyumbani. Wa kwetu darasa la 6 alitupulizia vibaya hadi leo nikisikia filimbi ya soja wa geti naficha daftari.

MwalimuMstaafu
@Toto_la_SouthB filimbi yangu iliwaita watoto waje kucheza. Hii ya leo imemfukuza mgonjwa wa goti majini. Mbele ya mjukuu wake!

Mwanachama_Majini
Mimi ni wa klabu na nilikuwepo. Mwalimu asiwadanganye, nafasi hiyo tuliipitisha kwenye mkutano wa Januari na hakuna aliyepinga. Kuna akina shosho pale walioingia majini mara ya kwanza maishani wakiwa na miaka 70, na ni huyo mama aliyewashika mkono. Wengine wanaogopa, mtu akitokea nyuma yao ghafla wanameza maji. Filimbi ni ya usalama.

MwalimuMstaafu
Ghafla?? Mimi hatua moja inanichukua dakika! Na huo mkutano wa Januari mliufanyia wapi? NDANI YA KIDIMBWI, saa 7 mchana! Ningeupingia wapi, kwenye ngazi? Usalama gani wa kumwambia mtu "toka"?

Wakili_wa_Mtaani
Mwalimu, kama kila mtu hapo amenunua nyumba yake chini ya sheria ya mwaka 2020 ya majengo ya pamoja, mali ya pamoja ni ya wenye nyumba wote, kila mmoja kwa sehemu yake. Kuandika saa ubaoni hakumpi mtu hatimiliki. Peleka barua kwa kamati. Tena Katiba, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima.

Toto_la_SouthB
Mzee kikatiba ni wa miaka mingapi?

Wakili_wa_Mtaani
Aliyepita miaka 60. Kifungu cha 260.

Toto_la_SouthB
Basi hata mwenye filimbi ni mzee. Kesi imekwisha 😂

Mpangaji_Umoja
Samahani, nimesoma mpaka hapa nikisubiri mtu aone aibu. Watu wanagombania KIDIMBWI? Maji yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yanafika jijini, yanapita mtaa wetu wa Umoja bila hata kubisha hodi. Kwangu nikifungua mfereji unatoa upepo na mende mmoja. Wiki ya pili sasa. Nguo za watoto nimezifua kwa maji niliyoanza kuoshea mchele.

Mama_Pipeline
Wewe una mende, una bahati. Sisi ghorofa ya 6 tunapandisha mitungi ya lita 20 kwa mgongo. Mwenye nyumba amefunga tangi kwa kufuli, ufunguo anatembea nao.

Babu_wa_Drafti
Wa kwetu pia! Kufuli la tangi, kufuli la paa, kufuli la kamba za kuanikia nguo.

MwalimuMstaafu
Wadau, nawaonea huruma kwa maji, kweli kabisa. Lakini turudi kwa filimbi. Kesho saa 6 nashuka tena na goti langu. Nani ataandamana nami?

Mpangaji_Umoja
Kuna mtu anauza tangi la lita 1,000? Hata lililotumika.

Soja_Mstaafu
Ninalo, Kayole. Jeusi, halivuji. Kifuniko kilipeperushwa na upepo.

Mama_Pipeline
Bila kifuniko? Punguza bei. Na mkokoteni wa kulibeba juu yako.