Majina kabla ya kengele: gumzo la Jumuiya kuhusu mkesha wa Mwaka Mpya

Katibu wa Jumuiya: Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wapendwa. Kwa niaba ya kamati ya liturujia ninawaletea rasimu ya ratiba ya usiku wa tarehe 31 Desemba, ambayo tutaiwasilisha kwa Paroko kesho baada ya Misa ya asubuhi. Saa 3:00 usiku ni Misa Takatifu. Saa 4:30 ni shuhuda na nyimbo za shukrani. Saa 5:45 ni kusoma majina ya waamini wetu waliofariki mwaka huu. Saa 5:59 tutahesabu sekunde kwa pamoja, kisha kengele italia saa 6:00 kamili na kwaya itaongoza nderemo. Tarehe 1 Januari Misa itakuwa saa 3:00 asubuhi. Mwenye maoni ayatoe usiku huu, maana Paroko akishaipitisha hakuna wa kuibadilisha.

Mwalimu wa Kwaya: Milele na milele, amina. Ratiba ni nzuri. Ombi langu ni moja tu: kengele na wimbo wa kwanza viingie pamoja, pasiwe na mwanya katikati. Mwaka jana mpiga kengele alichelewa kama dakika mbili, sauti ya kwanza ikabaki inaning'inia hewani, na watu wakaanza kupeana mikono kabla hatujafika kwenye kiitikio.

Mama Pacha: Samahanini, nina swali ambalo huenda wengine wanalo lakini wanaona haya kuliuliza. Mtu akihudhuria Misa ya mkesha, je, anawajibika tena kurudi asubuhi ya tarehe 1? Ninauliza kwa sababu wanangu wakilala saa saba usiku, kuwaamsha ili wafike kanisani saa tatu ni vita.

Katekista: Hakuna haya katika swali hilo, dada. Kanuni ya 1246 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaitaja tarehe 1 Januari, Sherehe ya Bikira Maria Mama wa Mungu, miongoni mwa sikukuu za amri, yaani siku ambazo mwamini anawajibika kushiriki Misa, ingawa Baraza la Maaskofu, kwa idhini ya Kiti Kitakatifu, linaweza kupunguza baadhi ya sikukuu hizo katika eneo lake. Kanuni ya 1248 inaongeza kwamba wajibu hutimizwa kwa kushiriki Misa siku yenyewe au jioni ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo ukishiriki Misa ya saa 3:00 usiku tarehe 31, umetimiza. Misa hiyo ni ya Sherehe tayari, kwa masomo yake na rangi yake nyeupe, wala si Misa ya kuuaga mwaka kama wengi wanavyoiita.

Mama Pacha: Ahsante, Katekista. Nimepumua.

Mwenyekiti wa Vijana: Hapo ndipo mimi ninapopata tabu, na ninaomba nisieleweke vibaya. Vijana wanakuja kwa wingi usiku ule kwa sababu wanataka kuukabidhi mwaka wao kwa Mungu: wengine wanatafuta kazi, wengine wana mitihani, wengine wametoka kuvunja uchumba. Kisha wanasikia masomo na sala zinazomhusu Mama Maria, na wanarudi nyumbani wakiuliza Mwaka Mpya umetajwa wapi. Je, Kanisa halina Misa ya kuombea mwaka mpya?

Katekista: Ipo, mwanangu, na wengi hawajui. Katika Misale, kitabu cha sala za Misa, miongoni mwa Misa kwa ajili ya nia mbalimbali, imo Misa ya kuanza mwaka wa kiraia. Ila imewekewa sharti ambalo kwa mara ya kwanza lilinichekesha: haiwezi kuadhimishwa tarehe 1 Januari. Unaweza kuiadhimisha siku nyingine mwaka unapoanza, lakini siku ile yenyewe Kanisa linakukatalia, kwa sababu siku hiyo ina mwenyewe.

Mwenyewe ni Mtoto aliyezaliwa siku nane zilizopita. Ukihesabu kuanzia tarehe 25 Desemba, tarehe 1 ndiyo siku ya nane, yaani kilele cha Oktava ya Noeli, zile siku nane za kuisherehekea Noeli, na ndiyo maana Injili ya siku hiyo, Luka 2:16-21, inaishia pale ambapo Mtoto anatahiriwa na kupewa jina la Yesu. Kabla ya marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969, siku hii ilijulikana kwa karne nyingi kama sikukuu ya Kutahiriwa kwa Bwana. Mwaka huo ndipo Sherehe ya Maria Mama wa Mungu ilipowekwa hapa, na cheo hicho cha Mama wa Mungu kilikuwa kimetetewa na Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu, tangu mwaka 431. Mababa wa Efeso hawakuwa wanampamba Maria. Walikuwa wanasema kwamba Mtoto aliyemzaa ni Mungu kweli, si mtu aliyekuja kupewa umungu baadaye.

Tena usiseme mwaka hautajwi. Somo la Kwanza, Hesabu 6:22-27, ni baraka ambayo Haruni na wanawe waliagizwa kuwabariki nayo Waisraeli: Bwana akubariki na kukulinda, akuangazie uso wake, akupe amani. Jina la Bwana linatamkwa mara tatu. Kijana anayetafuta kazi anataka kubarikiwa kwa maneno gani zaidi ya hayo?

Mwenyekiti wa Vijana: Nimekubali kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba hakuna anayewaeleza vijana haya. Somo linasomwa, mtu yuko kwenye simu.

Mhazini: Wazee nao wako kwenye simu, mwanangu, tusisingiziane. Ninaomba pia tusiisahau Siku ya Amani. Papa Paulo VI aliitangaza kwa ujumbe wa Desemba 1967, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1968, na tangu hapo kila mwaka Papa hutoa ujumbe. Kwetu ujumbe huo huishia kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, ukapauka kwa jua hadi Kwaresima.

Bibi wa Nyumba ya Kona: Wanangu, tumsifu Yesu Kristo. Mjukuu ananiandikia, mimi ninasema, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake. Nimesomewa ratiba yote na nimesikiliza habari ya Efeso, nimeipenda. Lakini mimi ninataka kusema juu ya saa 5:45.

Mwaka jana babu yenu alikuwa na miezi minne kaburini. Nilikuja mkeshani na vazi jeupe, nikakaa benchi la tatu upande wa Mama Maria, kwa sababu nilijua jina lake litasomwa na nilitaka nilisikie kwa masikio yangu. Zikaja shuhuda. Shuhuda ya kwanza ilikuwa fupi, ya pili ikawa ndefu, ya tatu ikawa na wimbo ndani yake. Ilipofika zamu ya majina, saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne. Msomaji alishika karatasi mkono mmoja na simu ya kumulikia mkono mwingine, anasoma huku anaitazama saa. Nikamwona analowesha kidole anafunua, na karatasi mbili zikaenda pamoja. Niliziona. Babu yenu alikuwa kwenye ile iliyorukwa. Kengele ikalia, watu wakaruka, na jirani yangu akanikumbatia akiniambia heri ya Mwaka Mpya, mimi bado nimepiga magoti ninasubiri.

Sikumlaumu msomaji na simtaji leo. Saa ilikuwa inamkimbiza. Ninachosema ni kwamba majina ya marehemu yasiwekwe mbele ya kengele, kwa sababu kengele haina subira.

Katibu wa Jumuiya: Bibi, ninaomba radhi kwa niaba yetu sote. Hatukujua.

Mama Pacha: Bibi, yule jirani aliyekukumbatia ni mimi. Nilidhani unalia kwa furaha. Nisamehe sana.

Bibi wa Nyumba ya Kona: Ulinikumbatia vizuri, binti yangu. Hilo halina deni.

Katekista: Baada ya maneno ya Bibi sina budi kuipendekeza ratiba upya. Majina yasomwe saa 2:30 usiku, kabla ya Misa, watu wakiwa bado na utulivu, jina moja moja, na baada ya kila jina pawe na kimya cha kutosha mtu kuvuta pumzi. Siyaweki ndani ya Misa kwa sababu Misa ni ya Sherehe na haifai kugeuzwa Misa ya wafu, ingawa wote hao tutawaombea katika Sala ya Waamini. Shuhuda zibaki palepale saa 4:30, lakini ziwe tatu, na ziishe saa 5:10. Hapo Paroko, akikubali, atatuwekea Ekaristi Takatifu altareni, tuabudu. Saa 5:30 tuimbe Te Deum, utenzi wa kale wa shukrani. Masimulizi yanasema Ambrosi na Augustino waliutunga kwa kupokezana usiku Augustino alipobatizwa, jambo ambalo wataalamu hawalikubali, lakini ni hadithi nzuri. Kuanzia saa 5:50 iwe kimya. Mwaka utukute tumepiga magoti, hakuna anayehesabu sekunde. Kengele ikishalia tuimbe Veni Creator, tumwite Roho Mtakatifu, ndipo tupokee baraka ya Sakramenti Kuu.

Kanisa limeweka rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa anayeshiriki kuimba Te Deum hadharani siku ya mwisho wa mwaka, na vilevile kwa Veni Creator siku ya kwanza, pamoja na masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi hata ndogo. Ni rehema moja kwa siku, kwa hiyo usiku mmoja, kwa kuwa unaangukia siku mbili, unabeba mbili. Rehema hizo mtu anaweza kuzitolea marehemu. Bibi, unanielewa ninakoelekea.

Bibi wa Nyumba ya Kona: Ninakuelewa, mwalimu wangu.

Mwalimu wa Kwaya: Mimi ndiye nitakayeumia hapa, acheni niseme. Kwaya imefanya mazoezi ya wimbo wa saa sita tangu mwanzo wa Majilio. Wapiga ngoma wamepoteza jioni ngapi sijui. Dakika kumi za kimya, na watu mia kadhaa, watoto ndani, simu ndani? Mtasikia vikohozi tu. Te Deum nayo ni ndefu, na nakala tulizonazo zina matone ya nta tangu Pasaka, ubeti wa katikati hausomeki.

Hata hivyo sitaki kengele yangu iwe ndiyo iliyommeza mume wa Bibi. Ninaomba makubaliano: kimya kiwe cha dakika tano, si kumi, na wimbo wetu tuuimbe baada ya baraka, Ekaristi ikisharudishwa tabernakulo. Hapo nderemo iwe nderemo, mtu asije kuniambia punguzeni sauti.

Katekista: Dakika tano ninazikubali. Nakala ya Te Deum nitaiandika upya mwenyewe kesho.

Mwenyekiti wa Vijana: Vijana watakusanya simu mlangoni? Ninatania. Ila tunaweza kusimamia jambo jingine. Nilisoma kwamba Mtakatifu Augustino alihubiri tarehe 1 Januari hotuba ndefu mno dhidi ya sherehe za kipagani za siku hiyo, na akawaambia waamini wake kwamba wenzao wanapopeana zawadi za kutakiana bahati, wao watoe sadaka kwa maskini. Sisi tumezoea kadi na salamu za kupeana wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 1 baada ya Misa, vijana wako tayari kuandamana na wahudumu wa Komunyo kwa wagonjwa, kila nyumba yenye mgonjwa ipate watu wawili wa kukaa naye walau nusu saa.

Mama Pacha: Mnianzie mimi. Mama mkwe wangu hajatoka kitandani tangu Septemba, na kila Dominika ananiuliza nani aliketi mahali pake kanisani.

Mhazini: Kwa hiyo tarehe 1 itakuwa na wagonjwa wangapi? Nijue idadi mapema ili nimtafutie mhudumu wa pili, mmoja hataweza kuzunguka kote.

Katibu wa Jumuiya: Kwenye daftari nina tisa, pamoja na mama mkwe wa Mama Pacha kumi. Anayemjua mwingine anitumie usiku huu.

Rasimu mpya basi ni hii: saa 2:30 majina ya marehemu, saa 3:00 Misa ya Sherehe, saa 4:30 shuhuda tatu tu, saa 5:10 kuabudu, saa 5:30 Te Deum, saa 5:55 kimya, saa 6:00 kengele na Veni Creator, baraka, kisha wimbo wa kwaya bila kupunguzwa sauti. Kuhesabu sekunde kumefutwa. Orodha ya marehemu itaandikwa upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa utakuwa na namba, na nitaibana kwenye jalada gumu. Bibi, jina la babu wa mwaka jana nitaliweka pamoja na ya mwaka huu, kama hutajali.

Bibi wa Nyumba ya Kona: Liweke, mwanangu. Mjukuu anakutumia majina yake yote matatu pembeni, maana alikuwa akichukia kuitwa nusu. Na atakayesoma aje na miwani yake.